Vimelea Vilivyokataa Kufa

Nikiwa na miaka kumi niliijua ladha ya klorokwini kuliko nilivyoijua ladha ya soda. Kwetu Muheza, mkoani Tanga, homa ikimshika mtoto, mama ananunua vidonge dukani, anaviponda kwa kijiko, anavikoroga kwenye chai yenye sukari nyingi, na bado uchungu unabaki kooni hadi kesho yake. Kisha unaanza mwasho. Aliyewahi kuupata anaujua: unatokea viganjani, unapanda mgongoni, unajikuna hadi ngozi inachubuka na usingizi hauji. Tulivumilia kwa sababu dawa ilikuwa inaponya. Halafu ikaacha kuponya.

Mwaka 1997 mdogo wangu wa kike, wakati huo ana miaka mitatu, alimaliza dozi nzima na mwasho wake wote. Siku ya nne homa ikarudi, safari hii na degedege. Bibi alitaka apelekwe kwa mganga wa kienyeji, maana kwa wazee wetu degedege halikuwa ugonjwa wa hospitali. Mama akamfunga mgongoni kwa kanga akakimbilia hospitali. Alitundikiwa dripu za kwinini, na alipopata nafuu masikio yalikuwa yanamvuma, ukimwita hageuki. Lakini alikuwa hai. Siku ya kuruhusiwa, daktari wa zamu alimwambia mama maneno ambayo sikuyaelewa: "Mama, hawa wadudu wa siku hizi wamekuwa sugu."

Neno hilo sikulisahau. Na miaka karibu ishirini baadaye, nilikaa mbele ya hadubini katika nchi ya mbali, usiku, nikimwomba Mungu wadudu wangu wawe sugu. Nataka kueleza ilikuwaje hadi nikafika hapo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa maabara ya hospitali, kusoma slaidi. Mgonjwa anatobolewa kidole, tone la damu linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi ya Giemsa, nami nainamia hadubini. Majibu yake kila mtu Tanzania anayajua: "Una wadudu wawili." "Una wadudu watano." Kimelea kichanga cha Plasmodium falciparum ndani ya chembe nyekundu ya damu kinafanana na pete yenye kito: duara jembamba la buluu na nukta nyekundu ubavuni. Nilisoma slaidi hamsini kwa siku, na macho yakazoea kutofautisha pete ya kweli na punje ya rangi iliyoganda. Wakati ule niliona ni kazi ndogo, ya kupitia tu nikielekea kwenye kazi kubwa. Nilikosea, na nitaeleza kwa nini.

Nilipopata ufadhili nilikwenda Uingereza kusomea utafutaji wa dawa. Kazi niliyoikuta huko inaitwa uchujaji wa kasi kubwa, na wazo lake halina ugumu: una kemikali maelfu kwa maelfu, hujui ipi ina dawa ndani yake, basi unazijaribu zote. Ugumu wote uko kwenye hilo neno "zote". Sahani moja ya plastiki, inayoenea kiganjani, ina vishimo 384, mistari 16 kwa safu 24. Kila kishimo kinabeba mikrolita 50, yaani kama tone moja la maji. Ndani ya tone hilo kuna damu ya kundi O iliyooshwa ikatolewa chembe nyeupe, vimelea katika chini ya asilimia moja ya chembe zilizobaki, chakula chao, na kemikali moja. Roboti inamimina, inafunika, inapeleka sahani kwenye kabati lenye joto la nyuzi 37 na hewa yenye oksijeni kidogo. Baada ya saa 72 tunauliza: wamo hai, au wamekufa?

Namna swali hilo linavyoulizwa ilinivutia tangu siku ya kwanza. Chembe nyekundu ya binadamu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo haina DNA. Kimelea kinayo. Ukitia rangi ya SYBR Green, ambayo hung'aa inaposhika DNA, basi mwanga wote unaotoka kwenye kishimo ni wa kimelea. Kishimo kinachong'aa, vimelea vimezaana. Kishimo chenye giza, vimekufa au vimeshindwa kuendelea. Mashine inasoma sahani nzima kwa dakika moja au mbili. Mimi na hadubini yangu ya hospitali tungehitaji siku nane.

(Haya yote yanawezekana kwa sababu mwaka 1976 William Trager na James Jensen, kule New York, walifanikiwa kufuga kimelea hiki maabara bila kukoma. Oksijeni waliipunguza kwa kuwasha mshumaa ndani ya chombo cha kioo na kukifunika hadi uzimike. Kila nilipoitazama mitungi yetu ya gesi niliukumbuka mshumaa huo.)

Njia za kuchuja ni mbili. Ya kwanza unaanza na shabaha: unachagua protini moja ya kimelea unayoamini kwamba hakiwezi kuishi bila hiyo, unaitengeneza peke yake, na unatafuta kemikali ya kuizima. Ya pili unaanza na kifo: unatafuta kinachoua kimelea kizima, na shabaha utaihangaikia baadaye. Nilipofika niliipenda ya kwanza. Ni safi, ina mantiki, unajua unachokifanya. Lakini kampuni ya GlaxoSmithKline ilikuwa imeijaribu kwa bakteria kati ya 1995 na 2001: michujo 70, karibu yote ikianzia kwenye shabaha moja moja, na ikapata vianzio 5 tu vya kuendeleza kuwa dawa. Kemikali iliyozima protini ndani ya mrija ilishindwa kupenya ukuta wa bakteria mwenyewe. Kimelea cha malaria nacho kimejificha nyuma ya kuta tatu: utando wa chembe ya damu, utando wa kifuko ambamo kimelea kinaishi, na utando wake chenyewe. Ukianza na kifo, angalau una hakika kwamba kemikali yako ilifika mlangoni ikaingia.

Kampuni hiyohiyo, katika kituo chake cha Tres Cantos nchini Hispania, ilifuata njia ya pili kwa malaria. Walichuja kampaundi karibu milioni 2, na mwaka 2010 wakachapisha zile 13,533 zilizozuia kimelea, wakaziweka wazi kwa kila mtu duniani, miundo na takwimu. Mimi niliisoma orodha ile kama mtu aliyepewa funguo za ghala la jirani tajiri. Nadhani uamuzi ule ulifanya mengi kuliko mashine yoyote.

Mchujo wangu wa kwanza ulikuwa wa kampaundi elfu kumi na kitu. Ulipokwisha, kompyuta ilinitolea hiti, ndivyo tunavyoziita zilizofanya kazi, zaidi ya mia mbili. Sikulala. Niliandaa picha za kuonyesha kwenye kikao cha Jumatatu, na Jumapili jioni nikamwonyesha dada mmoja wa Kilifi aliyenitangulia pale kwa miaka miwili. Alizitazama kimya, kisha akaniambia:

"Kaka, usinipe orodha. Nichoree sahani. Kila hiti iweke pale ilipokaa."

Nikachora. Kila hiti nikaipaka rangi nyekundu mahali pake. Sahani ya kwanza, wekundu ulikuwa umeizunguka pembeni mwote, katikati kukiwa na nukta mbili tatu. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo.

"Unaona?" akasema. "Hiyo ni fremu ya picha. Dawa haijui iko pembeni au katikati."

Katika sahani ya vishimo 384, vilivyo ukingoni ni 76. Hivyo hupata joto upesi kuliko vya katikati, na katika saa 72 hupoteza maji zaidi. Tone likikauka kidogo tu, chumvi inapanda, na vimelea vinakufa kwa chumvi bila kuguswa na kemikali yoyote. Nilikuwa nimegundua kukauka kwa maji. Niliona aibu, na nilimshukuru kwa moyo wote kwamba ilikuwa Jumapili.

Tangu siku ile vishimo 76 vya ukingoni tunavijaza maji na kuviacha. Unapoteza moja ya tano ya sahani na unaona uchungu, kwa sababu kila kishimo ni pesa. Sahani tunaziacha kwanza kwenye joto la chumba zikae pamoja, zisiingie kabatini ukingo ukiwa umetangulia katikati. Na vishimo vya ulinganisho, vyenye vimelea vilivyoachwa huru na vyenye vimelea tulivyovinyonga kwa dawa tunayoijua, tunavitawanya, hatuviweki vyote safu moja ya pembeni. Kwa vishimo hivyo tunahesabu kipimo kinachoitwa Z', kilichopendekezwa mwaka 1999, kinachoonyesha kama walio hai na waliokufa wametengana vya kutosha kuliko kuyumba kwa mashine na mikono. Kikiwa juu ya 0.5 tunaendelea. Kikiwa chini, sahani inatupwa, hata kama ndani yake kuna kishimo kimoja cheusi kinachokukonyeza. Nimeona watu wazima wakibembeleza sahani mbovu. Nami nimewahi.

Hata sahani nzuri ina wingi wake wa uongo. Sisi tulisema kampaundi ikishusha mwanga kwa mikengeuko sanifu mitatu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) chini ya wastani ni hiti. Kipimo hicho kinaonekana kikali. Lakini piga hesabu: ukichukua kampaundi 10,000 ambazo hazina kazi yoyote, bahati peke yake itakupa hiti 13 hivi. Hizo 13 zitakuwa na majina na miundo mizuri, na ukiwa umechoka utazitungia hadithi. Dawa ya hilo ni kurudia, siku nyingine, kwa damu nyingine.

Sasa nirudi kwenye slaidi. Katika hiti zilizovuka yote hayo kulikuwa na moja ya rangi ya chungwa iliyokolea. Ilishusha mwanga kila tulipoirudia, dozi ikipanda mwanga unashuka, mstari mzuri kama wa kitabuni. Wanafunzi wenzangu walishaanza kuipangia majaribio mengine. Mimi, kwa mazoea ya zamani tu, nilichukua tone kutoka kwenye kishimo chake, nikapaka kioo, nikatia Giemsa, nikainama.

Pete. Kila mahali pete, changa, zenye afya, kama za mtoto aliyeletwa asubuhi na homa.

Kampaundi haikuua kitu. Rangi yake ilikuwa inanyonya mwanga wa SYBR Green kabla haujaifikia mashine. Mashine iliulizwa "kuna mwanga?" ikajibu kweli kwamba hakuna. Sisi ndio tuliosikia "wamekufa". Jambo hili hutokea katika kila aina ya mchujo: kuna kemikali zinazong'aa zenyewe, kuna zinazogandamana kuwa vidonge vidogo na kunasa protini yoyote inayopita, kuna zinazoshika kila kitu kama ulimbo. Jonathan Baell na Georgina Holloway waliorodhesha familia za kemikali wasumbufu wa namna hiyo mwaka 2010, na orodha yao huwa naibandika ukutani. Lakini orodha haikuokoi kama huendi kuangalia kwa macho yako. Tokea siku ile hakuna hiti iliyotoka mikononi mwangu bila slaidi.

Kuna jingine ambalo wageni wa kazi hii huchelewa kulielewa. Kuua kimelea si kazi ngumu. Jik inaua kimelea. Kwa hiyo kila hiti lazima ipite kwenye chembe za binadamu, kwa kawaida za ini, na tuone kama zinabaki hai kwa dozi kubwa mara mia au zaidi. Hapo orodha yangu ilipukutika. Na zilizobaki tukaziagiza upya kama unga, kwa sababu zile za maktaba yetu ya kemikali zilikuwa zimekaa miaka kwenye kiyeyushi cha DMSO, ambacho hunyonya maji hewani, na kila ukigandisha na kuyeyusha kampaundi nyingine hugeuka kuwa kitu kingine. Unga ulipofika, nusu ya hiti zilizosalia hazikufanya lolote. Nilihuzunika, lakini sikushangaa tena.

Ilibaki moja ambayo niliipenda. Iliua kwa dozi ndogo sana, chembe za ini hazikuijali, slaidi ilionyesha vimelea vilivyovimba na kupasuka. Sasa likaja lile swali tuliloliahirisha tangu mwanzo: inaua kwa kushika nini?

Katika vimelea vya malaria, njia iliyofunua shabaha nyingi ni hii. Unachukua chupa tatu za vimelea, kila moja na mamilioni mengi. Unaviwekea kampaundi kwa dozi inayoua karibu vyote, unaondoa, unaviacha vipumue, unarudisha. Wiki baada ya wiki. Kati ya mamilioni hayo huenda kimoja kina kosa la herufi moja katika jenomu yake, yaani maandishi yote ya DNA yake, kosa linalokisaidia kustahimili. Hicho kitazaana wenzake wakifa. Kisha unasoma jenomu yake yote, herufi milioni 23, jeni 5,300 hivi, na kuilinganisha na ya mzazi wake. Herufi iliyobadilika, na hasa jeni ileile ikiwa imebadilika katika chupa zilizotengana, inakunyooshea kidole.

Kwa njia hiyo, mwaka 2010, kundi la watafiti lilionyesha kwamba kampaundi za jamii ya spiroindoloni zinashika PfATP4, pampu ya kwenye utando wa kimelea ambayo baadaye ilikuja kuthibitika kwamba inatoa sodiamu nje. Ukiizima, chumvi inajaa ndani.  Vimelea vilivyokataa kufa ndivyo vilivyoitaja.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mambo ya maabara yalipokutana na mambo ya nyumbani kwetu. Jeni ya usugu wa klorokwini, pfcrt, ilitambuliwa mwaka 2000. Badiliko lake kuu liko nafasi ya 76 ya protini hiyo. Nilipoanza nilidhani basi hiyo ndiyo shabaha ya klorokwini. Siyo. Klorokwini inamzuia kimelea asiigeuze hemu, mabaki yenye sumu ya damu aliyoila, kuwa fuwele zisizomdhuru. Protini ya pfcrt iko kwenye utando wa tumbo lake, na ikibadilika inaitoa dawa nje. Ni mlango wa nyuma. Kwa hiyo jeni ya usugu inaweza kuwa shabaha, na inaweza kuwa mlango wa kutupia dawa, na ni lazima utofautishe: uingize badiliko hilo peke yake kwenye kimelea kisichokuwa nalo, uone kama linatosha kuleta usugu, kisha uthibitishe kwa protini yenyewe. Nilipoelewa hilo nilikaa kimya mezani muda mrefu. Nilikuwa nimejifunza kwa nini mama alikimbia barabarani na mtoto mgongoni. Dawa alikuwa ameinywa kweli, na mwasho ulikuwa ushahidi. Tumboni mwa kimelea, pale ilipotakiwa kufanya kazi, ilikuwa inatolewa nje kama maji yanayojaa mtumbwini.

Chupa zangu nilizianza mwezi wa Januari, kwa vimelea aina ya Dd2, vyenye asili ya Kusini-Mashariki mwa Asia na vinavyojulikana kwa wepesi wa kupata usugu. Wiki ya tatu slaidi zilikuwa tupu. Wiki ya tano tupu. Damu nilibadilisha, chakula nilibadilisha, Jumamosi na Jumapili nilikuja. Chupa moja ikaota kuvu, nikaitupa. Wiki ya tisa, saa tatu usiku, nilipitisha macho juu ya uwanja wa chembe tupu, uwanja baada ya uwanja, na nikaona pete moja. Nikasogeza. Nikaona ya pili, ndani ya chembe ya mbali.

Nilifurahi hadi nikasimama. Na nikiwa nimesimama nikamkumbuka mdogo wangu, masikio yake yanavuma, hageuki ukimwita. Kitu kilekile kilichotaka kumwondoa ndicho nilichokuwa nakisubiri kwa miezi miwili kama mtu anayesubiri mgeni. Sikujua nifanye nini na hisia hizo mbili kwa pamoja, nami sikuzitenganisha. Nilirudi kwenye kiti nikaendelea kuhesabu.

Watu wa nyumbani wakisikia habari hii wananiuliza kwa hofu: kwa hiyo mnatengeneza usugu? Ni swali la haki. Vimelea hivyo ni vya maabara, vimezoea chupa kwa miaka mingi, viko nyuma ya milango inayofungwa, katika jengo lisilo na mbu, na kazi ikiisha vinaunguzwa. Na kuna faida nyingine ya kufanya hivyo mapema: tunapima usugu unakuja upesi kiasi gani. Kampaundi ambayo vimelea vichache tu vinaishinda katika siku chache, tunaiacha hata kama ni nzuri vipi. Afadhali ishindwe ndani ya chupa kuliko ndani ya mtoto wa mtu.

Majibu ya jenomu yalikuja mwezi wa Juni. Chupa mbili zilizobaki zilikuwa na mabadiliko katika jeni ileile. Nilishuka kwenye orodha nikasoma jina lake: pfatp4.

Shabaha yangu ilikuwa ileile ya mwaka 2010. Miezi mitano ya chupa ilinifikisha mahali ambapo wengine walishafika, tena wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuwa umepima kampaundi 400 za Malaria Box, seti ambayo MMV, shirika la kutafuta dawa za malaria, liligawa bure kwa maabara, na ukakuta 28 kati yake zinavuruga sodiamu ya kimelea kwa njia hiyohiyo. Pampu ile ni kama embe linaloning'inia chini kabisa ya mti: kila jiwe unalorusha linaligonga. Msimamizi wangu alinifariji kwamba angalau tumejua. Dada wa Kilifi hakunifariji. Aliniuliza, "Ungeweza kujua lini?"

Jibu lilikuwa siku tatu. Kama kabla ya chupa zozote ningeichukua kampaundi yangu na kuijaribu juu ya vimelea ambavyo tayari vina usugu wa PfATP4, na juu ya vingine vyenye usugu unaojulikana, ningeona vile vya PfATP4 vinaistahimili, na ningeiweka pembeni nikashika ya pili kwenye orodha. Vimelea hivyo sugu ni hazina. Kila maabara inayovitengeneza inatakiwa kuvigandisha kwenye naitrojeni iliyo kimiminika, kuviandika vizuri na kuvigawa, kwa sababu ndivyo vinavyokuambia kwa bei ndogo kama umepata jipya au umerudia la zamani. Nilipoanza mchujo wa pili, hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kwanza baada ya slaidi.

Haraka ya jambo hili haiko mbali nasi. Baada ya klorokwini, Tanzania ilihamia SP, yaani sulfadoksini na pyrimethamini, mwaka 2001, na kwetu Muheza SP nayo haikukaa. Mwaka 2006 ukaja mseto, artemeta na lumefantrini, ambao ndio tunaoutegemea hadi leo. Mabadiliko ya jeni ya kelch13, yanayochelewesha kazi ya artemisinini, jamii ya dawa ambayo artemeta imo, yameshathibitishwa Rwanda, Uganda, na kwetu mkoani Kagera. Novemba 2025 Novartis na MMV walitangaza matokeo mazuri ya awamu ya tatu ya majaribio ya dawa mpya, ganaplasidi, ikiwa pamoja na lumefantrini, kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 katika nchi 12 za Afrika. Ganaplasidi ilianzia kwenye mchujo kama niliousimulia, kampaundi milioni 2.3 zikijaribiwa juu ya vimelea hai. Na vimelea sugu vilivyozalishwa dhidi yake vilitaja jeni ya pfcarl, ambayo inaonekana kuwa mlango zaidi kuliko shabaha. Dawa imefika kwa wagonjwa huku wataalamu wakiendelea kujadili inashika nini hasa. Mimi niliyependa njia iliyo safi nimelazimika kulikubali hilo, na nalikubali kwa furaha.

Siku hizi niko nyumbani, maabara ndogo, hatuna roboti. Tuna sahani za vishimo 96, pipeti zenye ncha nane, jenereta, na wanafunzi wanne. Wiki mbili za kwanza hawagusi sahani. Wanasoma slaidi tu. Wananung'unika kidogo. Wanaona walikuja kujifunza mambo ya kisasa nami nawapa kazi ya zahanati.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameshikwa na homa, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, akapewa mseto, na siku ya tatu alikuwa nje anacheza mpira.

"Hakuwashwa?" nikamuuliza.

"Kuwashwa na nini, kaka?"

Nikamwambia basi, si kitu. Akaniuliza kazi yangu imefikia wapi. Nikamweleza kwamba Jumatatu tunaanza kupima kampaundi themanini tulizopewa na wenzetu, na kwamba chupa za vimelea sugu vya kulinganisha zimeamka salama kutoka kwenye naitrojeni. Sahani mbili, nikamwambia, kampaundi arobaini kila moja. Vishimo vya pembeni tumeshavijaza maji.